Wapita njia walichora milima yetu, sisi je?

Likizo ya Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kwa nyanyake Mikinduri, huko Tigania, Meru. Katika mfuko wake alikuwa na daftari la kuchorea, kwani mwalimu wake jijini Nairobi alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya likizo: chora mlima ulio karibu na kwenu. Kazi hiyo aliimaliza garini, hata kabla hatujafika Embu.

Msomaji, bila shaka unaujua mchoro huo, maana hata wewe uliwahi kuuchora. Pembetatu mbili zimesimama bega kwa bega. Katikati yake jua linachungulia, lenye miale kama meno ya kitana. Juu kuna theluji. Chini kuna mto unaopinda mara mbili, na kando ya mto nyumba yenye dirisha moja. Angani ndege watatu. Basi, kazi imekwisha, kalamu za rangi zimerudi pakitini.

Jioni, tulipokuwa tumeketi jikoni tukisubiri githeri iive, mama alivaa miwani akautazama mchoro ule kwa muda mrefu. Kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, mlima huu hauna njia. Watu wake hupitia wapi?"

Mtoto alinitazama mimi, nami nikamtazama mama. Nyuma ya nyumba yetu mgongo wa Nyambene ulikuwa umejifunika ukungu, na wala haukufanana na pembetatu hata kidogo. Nyambene ni safu ndefu ya vilima vilivyozaliwa na volkeno, imelala kama ng'ombe aliyeshiba, na kilele chake cha juu kinapita kidogo mita 2,500. Hauna theluji. Una msitu juu, chai na miraa ubavuni, na vijia vya watu kila mahali. Mtoto wangu, ambaye asili yake ni hapo, alikuwa amechora mlima wa watu wengine.

Swali hilo la mama lilinikosesha usingizi usiku ule, na ndilo lililozaa makala haya.

Mlima wenye njia

Kwanza tuulize, hizi pembetatu zenye theluji zilitoka wapi? Nyingi zilitujia kutoka kwenye vitabu, kalenda na mabati ya biskuti, na asili yake ni milima ya Alps huko Ulaya. Lakini hapo ndipo kuna ajabu. Wenyewe wa Alps hawakuanza kwa kuchora vilele. Walichora njia.

Chukua mfano wa Gotthard, upenyo wa milima nchini Uswisi ambao watu huutumia kuvuka kwenda Italia. Upenyo huo uko mita zaidi ya 2,100 juu ya bahari. Kwa mamia ya miaka wafanyabiashara, askari na mahujaji walipita hapo na nyumbu wao. Katika korongo moja la kutisha kuna daraja liitwalo Daraja la Shetani. Wenyeji husimulia kwamba ibilisi mwenyewe ndiye aliyelijenga, kwa masharti kwamba atachukua roho ya kwanza itakayovuka. Wanakijiji wakamtangulizia mbuzi! Ujanja wa aina hiyo hata sungura wetu angeusifu.

Mshairi wa Ujerumani, Goethe, alifika Gotthard mwaka 1775 akiwa kijana, akachora mandhari ya kuelekea Italia, kisha akageuka akarudi kwao. Alikwenda tena mwaka 1779 na 1797. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alipita mwaka 1802, na miaka miwili baadaye akachora picha ya korongo lile: magenge yanayodondoka, mawingu yanayopanda kutoka chini, na kijia chembamba kilichong'ang'ania ukutani kama mjusi. Ukiitazama, magoti yanalegea.

Halafu mwaka 1873 Mswisi Rudolf Koller alichora gari la posta likiteremka Gotthard kwa kasi, farasi wametoa macho, na mbele yao ndama aliyepotea njia akikimbia kuokoa maisha yake. Wakati Koller anaichora picha hiyo, mafundi walikuwa tayari wanatoboa mlima ule kwa ajili ya reli. Handaki la kilomita 15 lilifunguliwa mwaka 1882, na magari ya farasi yakawa hadithi. Picha yenyewe ilikuwa zawadi kwa Alfred Escher, mkubwa wa reli. Yaani aliyeiua njia ya zamani ndiye aliyepewa picha yake aitundike ukutani!

Koller aliiwahi njia ile ikiwa bado inapumua. Leo mtoto wa Uswisi anaweza kusimama mbele ya picha hiyo katika jumba la sanaa la Zürich akajua babu wa babu yake alivukaje mlima.

Nyambene machoni pa wageni

Je, sisi hatukupata wapita njia wenye kalamu? Tulipata, tena wengi.

Mwaka 1892 kijana tajiri wa Marekani, William Astor Chanler, aliondoka pwani na msafara wa wapagazi akaufuata mto Tana kuelekea bara. Alifuatana na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, ambaye miaka michache kabla yake alikuwa amezunguka nchi hii na Count Teleki na kuchora ramani zake. Msafara ulifika kwenye vilima vyetu na kuweka kambi mahali walipopaita Daitcho. Mambo hayakuwaendea vizuri. Mwaka 1893 von Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru ikabidi abebwe hadi pwani, na baadaye wapagazi walimwacha Chanler wakashika njia ya kurudi kwao. Mwaka 1896 alitoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Aliyefuata alikuwa Mwingereza Arthur Neumann, mwindaji wa ndovu, aliyezunguka sehemu hizi kati ya mwaka 1893 na 1896. Alifanya kituo Muthara, upande wa pili wa mgongo kutoka kwetu Mikinduri, akawa rafiki wa mzee mmoja wa hapo aliyeitwa Ndaminuki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1898. Watu walimbandika jina la utani: Nyama Yangu. Jina hilo, msomaji, linatosha kukueleza mengi.

Sasa tazama jinsi walivyoliandika jina la mlima wetu. Neumann aliandika Jambeni. Chanler aliandika Jombeni. Ni Nyambene ileile, imepita katika sikio la mgeni ikatokea upande wa pili na sura nyingine.

Na picha je? Katika kitabu cha Neumann zilizotia fora ni za ndovu na uwindaji, na si ajabu, kwa kuwa meno ya ndovu ndiyo yaliyomleta. Ramani za akina von Höhnel nazo zilikuwa kazi ya kuheshimiwa, maana kila kilima kilipimwa kwa jasho. Lakini kwa wasafiri hawa Nyambene ilikuwa ghala. Kaskazini kulikuwa na nyika kavu ya kuelekea Isiolo na Samburu, na hapa mlimani kulikuwa na nafaka, maharagwe, viazi vikuu na maji. Msafara uliotaka kwenda mbali kaskazini ulihitaji kununua chakula kwa mama zetu kwanza. Mgeni alikula akashiba, kisha akachora ndovu. Mama aliyebeba maharagwe yale kutoka shambani hakupata ukurasa.

Simlaumu. Kila msafiri huchora kile alichokifuata. Mgeni ni kuku mweupe, husema wahenga, sote tunamwona. Lakini yeye naye haoni kila kitu.

Jina la mpiga picha

Hali ni hiyohiyo ukiutazama mlima mkubwa, Mlima Kenya, ambao sisi Wameru huuita Kirimaara. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona kutoka Ukambani, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Aliandika kwamba mlima ule una kama pembe mbili. Huko Ulaya walikuwepo wasomi waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wakamba, ambao walikuwa wakiuona kila asubuhi, hakuna aliyewauliza.

Nusu karne baadaye, tarehe 13 Septemba 1899, Halford Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya kilele cha Batian, mita 5,199. Katika msafara wake alikuwamo Campbell Hausburg, jamaa ya mkewe Mackinder, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupiga picha. Leo ukizunguka vilele vya Mlima Kenya kwa miguu utavuka upenyo wa juu uitwao Hausburg. Naam, mpiga picha alipewa njia nzima! Vilele vilipewa majina ya laiboni wa Kimaasai: Batian, Nelion na Lenana. Lakini Waswahili 66 na Wakikuyu 96 waliobeba mizigo ya msafara huo, sijaona upenyo uliopewa jina la hata mmoja wao.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha mwaka 1943. Wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walikuwa wamefungiwa katika kambi ya Nanyuki. Kila siku mlima ulikuwa mbele yao na waya wa seng'enge katikati. Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliamua kutoroka, si kwa ajili ya kwenda kwao, bali kuupanda mlima tu. Vifaa walivitengeneza kwa siri kutoka kwenye vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo. Miongoni mwa picha walizotegemea ni mchoro mdogo wa Mlima Kenya uliokuwa kwenye lebo ya mkebe wa chakula! Walitoka Januari, wawili kati yao wakafika Lenana, mita 4,985, na baada ya siku 18 wakarudi wenyewe kambini kuendelea na kifungo.

Hapo utaona nguvu ya picha. Karatasi ya mkebe, ambayo mtu mwingine angeitupa jalalani, iliwatoa watu watatu gerezani na kuwapandisha mlima. Ndiyo maana sioni kuwa ni jambo dogo mtoto wa Mikinduri anapochora mlima usio wake. Picha ni ramani. Atakayeifuata ataishia ilikochorwa.

Nyuso bila mlima

Nisije nikasema kwamba watu wetu hawakuchorwa kabisa. Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa aliyejulikana ulimwengu mzima kwa kitabu kilichotoka mwaka 1960, kwanza alikuwa mchoraji. Aliishi Isiolo na mumewe George, ng'ambo ya vilima hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 alizunguka Kenya akichora watu wa makabila mbalimbali, Wameru wakiwemo, wakiwa katika mavazi na mapambo yao. Michoro mingi imehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa.

Ukiitazama utashangaa kwa ustadi wake: kila ushanga uko mahali pake. Lakini mzee ameketi, nyuma yake hakuna kitu. Hakuna mlima, hakuna mgomba, hakuna njia aliyoijia. Akina Chanler walituachia vilima bila watu wake, naye Joy Adamson akatuachia watu bila vilima vyao.

Tena mababu zetu walijua kuchora, ila kalamu yao ilikuwa ulimi. Wapo wazee wa Kimeru wanaosimulia hadi leo jinsi watu wetu walivyotoka Mbwaa, mahali fulani pwani, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Kiongozi wao, Koomenjue, aliwafikisha kwenye maji, na maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana kweupe wakaitwa Njeru, weupe. Wako wanahistoria wanaoitafuta Mbwaa karibu na kisiwa cha Manda, huko Lamu.

Mimi si mwanahistoria. Lakini nilipomsimulia binti yangu, alichukua kalamu zake za rangi akatoa tatu bila kuambiwa: nyeusi, nyekundu, na ile nyeupe ambayo huwa haitumiki kamwe. Masimulizi yale ni picha kamili. Yana njia, yana watu, yana saa ya safari, na kila ukoo unajua ulipita lini. Turner mwenyewe hakuweza kuwatia watu wote wa Gotthard katika karatasi moja.

Tulipopanda

Kesho yake mama alitangaza kwamba atatuonyesha njia. Magoti yake yamechoka, na nilijaribu kumkataza. Aliniuliza kama mimi ndiye ninayeijua. Nikanyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba nilizaliwa hapo, nikasomea hapo hadi darasa la saba, na njia hiyo sikuwahi kuivuka. Sisi tulipanda magari yanayozunguka.

Tulikwenda na pikipiki hadi ilipokataa, kisha tukashika miti mikononi tukatembea polepole. Mikinduri, kama jina linavyoonyesha, ni miti ya mikinduri, na mama alikuwa akiigusa mmojammoja akipita, kama mtu anayesalimia jamaa. Alisema kwamba akiwa msichana walikuwa wakivuka mgongo huu kabla jua halijachomoza, wanawake kumi au kumi na watano kwa pamoja kwa sababu ya nyati, kila mmoja na mzigo wa ndizi na viazi vikuu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Upande wa Muthara walibadilishana na watu wa nyikani, nao wakirudi na mbuzi.

Hatukufika juu kabisa. Penye jiwe moja pana, lisilo na alama yoyote, mama aliketi.

"Hapa ndipo tulipotua mizigo," akasema. "Mama yangu alitua hapa. Na hapa ndipo babu yako aliponiomba maji, akajifanya ana kiu."

Msomaji, nina umri wa miaka 36, na kisa hicho nilikuwa sijakisikia. Baba alifariki miaka 8 iliyopita. Nikatazama jiwe lile, nikawaza kwamba kama mtoto hangechora mlima usio na njia, mama hangeuliza, nami ningeendelea kupita barabara ya lami hadi mama naye aondoke na njia yake.

Ukungu ulifunguka kidogo. Upande mmoja nyanda za Tharaka zilionekana hadi kuelekea Tana. Upande wa pili, mbali, Kirimaara alitoa uso kwa dakika chache kisha akajifunika. Binti yangu alikuwa ameketi chini, daftari magotini, haongei.

Kazi ya familia

Watoto wengi wa mjini wana mahali pao palipo na kilima, mto au bonde ambalo watu walilivuka kwa miguu: Taita, Cherangani, Ngong, Mau, Usambara kwa ndugu zetu wa Tanzania. Safari ijayo ya ushago, badala ya kuwaacha watoto na televisheni ya nyanya, jaribuni mambo matatu.

Kwanza, muulizeni mzee wa kwenu: zamani mlipitia wapi, mlibeba nini, mlipumzika wapi? Usiulize habari za mlima. Uliza habari za njia, utaona maneno yanavyomtoka.

Pili, andikeni majina kama yeye anavyoyatamka, si kama ramani inavyosema. Mkumbuke Jambeni na Jombeni.

Tatu, mtoto achore akiwa palepale, kabla hajaona picha ya mtu mwingine. Asiwe na haraka ya kuweka jua. Na mkipita Meru mjini, ingieni katika makumbusho yaliyo kwenye jengo la zamani la mkuu wa wilaya, muone vifaa walivyotumia wasafiri wa miguu.

Mchoro mpya wa binti yangu si mzuri sana. Mlima umelala upande kama gunia, na ng'ombe ni mkubwa kuliko nyumba. Lakini katikati kuna mstari wa kahawia unaopanda, unapotea kwenye miti, unatokea tena. Kwenye mstari huo kuna mwanamke mdogo mwenye mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na mbele yake kijana amenyosha mkono.

Mama alivaa miwani akautazama. Safari hii hakuuliza kitu. Aliomba pini, akaubandika ukutani karibu na kalenda. Mwalimu Nairobi itabidi apelekewe ule wa pembetatu.